Bakuli la Korea, mchele wa Mbau

BUTEMBO – Jumamosi jioni, katika parsela moja ya komini ya Bulengera, watoto watano walizunguka babula wakisubiri chakula ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukionja. Binti mkubwa wa nyumba, anayemaliza sekondari mwaka huu, alikiona katika filme ya Korea kwenye telefoni ya rafiki yake: bakuli la wali, na juu yake nyama iliyokatwa nyembamba, karoti, mboga za majani na yai. Kwa wiki mbili alikuwa akimsumbua mama yake.

"Mama, tukipike siku moja tu."

"Mwanangu, hicho ni chakula cha watu wa filme. Sisi tuna bugali na sombe."

Mama huyo hakukataa kwa uchoyo. Zamani alikuwa mkulima wa mpunga upande wa Mbau, kaskazini ya mji wa Beni. Mwishoni mwa mwaka 2014, mauaji ya raia yalipoanza katika teritwari ya Beni, yeye na mume wake walikimbilia Butembo na watoto, wakaacha mpunga shambani ukikaribia kuvunwa. Tangu hapo anauza makala kando ya barabara. Aliyekuwa akiwauzia wengine mchele kwa gunia, leo ananunua kwa kilo, na wiki nyingine hanunui kabisa. Nyumbani mwake, wali si neno la mchezo.

Binti alikuja na hesabu. Nusu kilo ya nyama ikitiwa katika mchuzi kwa watu saba, kila mtu anapata vipande viwili, na ugomvi unaanza. Lakini ikikatwa nyembamba na kukaangwa haraka, nusu kilo hiyo hiyo inajaza sahani. Tena alisoma kwamba chakula chenyewe kinaitwa bibimbap, maana yake wali uliochanganywa, na nyama ya namna ile ni bulgogi, yaani nyama ya moto. Korea nayo ilipitia vita, kati ya 1950 na 1953. Hata katika miaka ya 1960 na 1970, serikali ya Korea Kusini ilikuwa ikiwahimiza raia wachanganye mchele na shayiri, kwa sababu mchele haukutosha.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na hao waliokimbia vita, walirudi mashambani?"

"Wengi walirudi, mama."

"Haya. Tutapika."

Karoti, shu na puaro havikuwa shida. Vinatoka kwenye vilima vya baridi vya Lubero na vinajaa sokoni Butembo. Lengalenga iko nyuma ya nyumba. Binti alijinunulia mwenyewe kichupa kidogo cha sosi ya soya kwa pesa alizopata akisuka nywele za majirani. Mchele na papai bichi viliahidiwa na mama mdogo aliyebaki Beni, komini ya Mulekera. Kule kuna joto, na mapapai hayakosekani. Alisema atavituma Ijumaa kwa taximan wa pikipiki.

Kutoka Beni mpaka Butembo ni kilomita hamsini na kitu tu. Ijumaa saa nane mchana mzigo ulikuwa haujafika. Saa kumi habari zikaenea kwamba risasi zimesikika pembeni ya barabara na pikipiki zimesimama. Telefoni ya mama mdogo haikupokelewa. Jioni ile hakuna aliyezungumza tena habari ya bakuli la Korea. Baba alikaa mlangoni na redio mkononi. Saa tatu ya usiku telefoni ikalia: mama mdogo yuko salama, umeme ulikatika tu na betri ikaisha. Taximan alilala njiani, angeondoka asubuhi. "Mchele utanisamehe," alisema akicheka, lakini dada yake alikuwa akilia.

Mzigo ulifika Jumamosi mchana, na hapo ndipo nyama iliponunuliwa. Binti aliikata nyembamba kama ganda la kitunguu, akikinga nyuzi zake ili isiwe ngumu mdomoni. Alitia kitunguu saumu, tangawizi, kijiko cha sukari, sosi ya soya na kijiko cha papai bichi lililokwaruzwa. Wakorea hutumia peasi. Papai bichi linalainisha nyama kwa nguvu zaidi, basi isikae humo zaidi ya nusu saa, la sivyo inakuwa kama uji. Asiyepata sosi ya soya anaweza kutumia chumvi, sukari na kipande cha Maggi. Ladha haitakuwa ile ile, lakini italiwa.

Kila mboga ilipikwa peke yake: karoti na shu dakika chache kwenye mafuta, lengalenga ikachemshwa haraka na kukamuliwa maji. Nyama iliingia kwenye kikaango mara tatu, kidogo kidogo. Ukiimwaga yote pamoja, babula inashindwa, nyama inatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika.

Mchele mama hakumwachia mtu. Aliumwaga kwenye lungo, akaanza kutoa mawe. Mara mkono ukasimama. Aliokota punje chache zenye mistari myekundu, akazisogeza karibu na macho.

"Huu ni wa kwetu. Wa Mbau."

Binti alimpigia mama mdogo kuuliza. Ndiyo, ulitoka upande ule. Kuna watu wanaothubutu kwenda shambani asubuhi na kurudi kabla ya saa tisa, na si wote wanaorudi. Mama aliendelea kuchambua, na hata punje iliyoanguka chini aliiokota.

Walipokula, kila mmoja alichanganya bakuli lake na kutia pilipili iliyosagwa na nyanya. Baba, aliyesema nusu kilo haitatosha, aliomba kuongezewa. Chini ya sufuria ukabaki ukoko, na watoto wakaanza kuugombania. Binti aliwaambia kwamba hata Wakorea wanaupenda ukoko, na wana jina lao la kuuita.

"Basi ni watu kama sisi," mama alisema.

Mchele uliobaki, kama vikombe viwili, haukupikwa Jumapili. Mama aliufunga katika kitambaa na kuuweka juu ya kabati. Watoto walipouliza, alijibu kwamba mchele uliokobolewa hauoti, anajua vizuri, lakini anataka uwe pale mpaka siku atakapopata mbegu na barabara.