Barua kutoka Birmingham: Njia ya Kurudia

Mdogo wangu,

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara nyingi. Unasema taa ya mbele ya pikipiki yako hufifia kila unapokanyaga breki, na kwamba fundi wako wa mtaa wa Birere amebadili balbu, akabadili betri, akarudia balbu, na bado usiku unarudi nyumbani ukiyakisia mashimo. Tangu mji wetu wa Goma ulipotekwa Januari 2025 sina hofu kubwa kuliko ya wewe kuwa barabarani giza likishaingia. Kwa hiyo barua hii yote ni ya taa.

Jawabu lako nimelikuta kwenye gereji ya jirani yangu, ndani ya pikipiki ya mwaka 1969.

Jirani huyu ni mzee aliyeanza kazi akiwa kijana katika kiwanda cha BSA, Armoury Road, mtaa wa Small Heath, hapa hapa Birmingham. Kampuni iliundwa na mafundi wa bunduki mwaka 1861, pikipiki zikaja baadaye. Novemba 1940 ndege za Wajerumani zilikipiga kiwanda usiku, wakafa wafanyakazi 53. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ikaanguka, lakini mzee bado anasema "kiwandani kwetu". Pikipiki yake ni BSA Thunderbolt, silinda mbili, cc 654. Msimu huu wa baridi ameamua kuivua nyaya zote na kuitandika mpya toka taa ya mbele hadi ya nyuma. Ameniita kwa sababu macho yake hayauoni tena ule mstari mwembamba wa rangi ulio juu ya waya.

Mstari ule ndio unaoongoza kazi nzima. Rangi kubwa ya waya inakuambia ni wa ukoo gani, na mstari unakuambia ni mtoto yupi. Bluu ni ukoo wa taa ya mbele: bluu yenye mstari mweupe ni mwanga wa juu, bluu yenye mstari mwekundu ni wa chini. Kahawia yenye mstari wa kijani huenda kwenye taa ya nyuma. Mweupe hubeba umeme uliokwisha pita kwenye swichi ya ufunguo. Mweusi wenye mstari mweupe na mweusi wenye mstari wa njano hutoka kwenye platini kwenda kwenye koili mbili, kila silinda na koili yake. Mtu aliyefunga nyaya hizi mwaka 1969 huenda ameshafariki, nami niliyezaliwa Goma nazisoma bila kumuuliza mtu.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo fundi yeyote wa kwetu angeunguza kitu. Kwenye pikipiki hii waya mwekundu hauleti umeme wa kazi. Mwekundu ni bodi. Ncha chanya ya betri imefungwa kwenye fremu, na umeme wa kazi hutoka kwenye ncha hasi kwa waya wa kahawia wenye mstari wa bluu. Waingereza walijenga hivyo pikipiki na magari yao mengi kwa miaka mingi, tofauti na pikipiki za TVS na Boxer mnazoendesha ninyi, ambazo hasi ndiyo iko kwenye bodi. Ukija na mazoea ya Birere, ukafunga betri kinyume, daiodi za rektifaya zinaungua pale pale. Balbu ya zamani yenye uzi haijali umeme umeingia upande gani, ila taa za LED zinajali. Ndiyo maana mzee, kabla ya kugusa chochote, aliandika kwa rangi nyeupe juu ya sanduku la betri: CHANYA KWENYE BODI. Nimempenda kwa hilo.

Vifaa karibu vyote vya umeme vya pikipiki hii vilitengenezwa na Lucas, kampuni kubwa ya hapa Birmingham. Mwanzilishi wake, Joseph Lucas, aliuza taa za mafuta katika karne ya 19, na taa yake ya baiskeli iliitwa Mfalme wa Barabara. Waingereza wa baadaye wakamgeuzia jina wakamwita Mwanamfalme wa Giza, kwa sababu pikipiki zao zilizimika njiani. Utani huo utausikia kila penye pikipiki za zamani. Mimi nasema Lucas amesingiziwa. Tumeifungua Thunderbolt yote, na kila tulipokuta giza tulikuta vichwa vya shaba vilivyoota kutu ya kijani ndani ya mpira, au nyaya zilizokatwa na kuungwa tena na wenye mali waliopita, kwa utepe wa gundi na haraka. Altaneta ni ile ile ya zamani na bado inatoa umeme. Koili ni nzima. Kilichokufa ni maungio, na zaidi ya yote, njia ya kurudia.

Hapo ndipo nilipokukumbuka. Umeme unaotoka kwenye betri lazima uirudie betri, kama motari anayempeleka abiria hadi Sake: barabara ya kurudi ikifungwa, kazi imekwisha hata kama tangi limejaa. Mafundi wetu ni hodari wa kuutafuta umeme unakotoka. Wanaweka taa ya majaribio, inawaka, wanasema "umeme upo". Kweli upo. Lakini unarudi kwa njia gani?

Kwenye BSA, taa ya mbele ilitegemea fremu kurudisha umeme. Lakini shingoni usukani unazunguka ndani ya fremu juu ya gololi zilizojaa grisi, na grisi si rafiki wa umeme. Halafu watu hupenda kuipaka fremu rangi mpya, ile nzito inayookwa kwenye tanuri, inang'aa kama kioo na inaziba kila mahali ambapo chuma kilikuwa kinagusana na chuma. Pikipiki inapendeza, taa zinakufa. Mzee hakubishana na rangi. Kila taa, honi na kila koili tumevipa waya wake mwekundu, na zote zikakutana kwenye boliti moja karibu na betri, mahali palipokwanguliwa mpaka chuma kikawa cheupe. Hakuna kifaa kinachotegemea tena fremu.

Nyaya zenyewe hatukulehemu. Injini hii inatetemeka sana, na waya uliolehemewa huwa mgumu, kisha hukatika pale risasi inapoishia. Tumebana kila kichwa kwa koleo lake maalumu, tukavuta kwa mkono kuhakikisha. Shingoni tumeacha waya ulegee kidogo, usukani ukageuzwa kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho bila kuvuta kitu. Njia zenu za mawe ya volkano zinatikisa kuliko injini yoyote ya Mwingereza, kwa hiyo hili lichukue kama lilivyo.

Kuna kifaa kimoja nataka ukijue kwa sababu ni kizuri tu. Chini ya taa ya mbele limekaa pande la alumini lenye mapezi, na katikati yake daiodi iitwayo Zener, kwa jina la mwanafizikia Mmarekani Clarence Zener. Altaneta haijui kupunguza umeme. Betri ikijaa na volti zikikaribia 15, daiodi hii inafungua mlango na kuugeuza umeme wa ziada kuwa joto, upepo wa safari unalipooza. Hakuna kinachocheza ndani yake, wala cha kulainisha.

Sasa kazi yako. Usinunue balbu nyingine. Azima mita ya volti kwa wale wanaotengeneza simu. Washa injini, washa taa, mwambie mtu akanyage breki. Ncha moja ya mita iweke kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa kurudia ulio nyuma ya taa ya mbele. Mita isome karibu sifuri. Ikisoma volti 1, hiyo volti imepotea njiani, na balbu inayopata 11 badala ya 12 hupoteza karibu robo ya mwanga wake. Kisha pima upande wa pili vivyo hivyo, chanya ya betri hadi waya wa chanya kwenye taa. Nadhani utakuta taa ya mbele na ya breki zinagombania muungio mmoja wa kurudia, na juu yake wameshapachika chaja ya simu na zile spika zako za muziki. Vyote hivyo vipe waya wake hadi kwenye betri, na kila kimoja fyuzi yake.

Na fundi akimaliza, mwombe akuchoree alichofanya. Hata kwenye karatasi ya daftari: rangi gani inatoka wapi inakwenda wapi. Mikono ya vijana wa Birere naiamini kuliko mingi niliyoiona huku, lakini mzee ana mchoro wa 1969 na wao hawana hata wa juzi. Kila fundi anaanza upya kwa kukata.

Nimekununulia koleo la kubania, vichwa vya shaba na nyaya za rangi tano. Vitapitia Kigali na mtu anayekuja Gisenyi, utavipokea mpakani, Petite Barrière, atakupigia. Nitumie namba mbili za mita, ya kurudi na ya kwenda, kabla hujafungua kitu. Picha ya mchoro pia. Na mpaka hapo, jua likizama, paki.

Kaka yako,
Birmingham