Ubao Unaoimba

Wengi hudhani kwamba sauti ya gita hutoka katika nyuzi. Lakini uzi peke yake hunong'ona tu. Kinachoimba ni ubao wa mbele ambao uzi huutikisa. Ndivyo lilivyoimba hata gita la Mwenda Jean Bosco, yule ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952.

Marehemu baba, aliyekuwa seremala hapa Lubumbashi, aliniachia mbao chache za mulombwa na ubao mmoja mkavu wa msonobari. Mulombwa umekuwa mgongo na mbavu, zilizopindwa kwa maji na moto. Msonobari ndio uso wa gita. Ukiharibika, hakuna mwingine.

Kila jioni naupitishia randa, naushika kwa vidole viwili, naugonga, nasikiliza. Ukiwa mnene hujibu kama mlango. Ukikaribia milimita 3, mlio wake hukawia hewani. Ukizidi kupungua utabonyea, kwa maana nyuzi 6 za chuma huvuta kwa uzito wa karibu kilo 70. Ndiyo maana chini yake hubandikwa fito nyembamba, ziutegemeze bila kuunyamazisha.

Ndugu msomaji, ugumu wa kazi hii si kukata, ni kujua saa ya kuweka randa chini. Mwanangu, ambaye hakumwona babu yake, ndiye atakayelipiga gita hili. Unene mdogo nitakaouacha ndio utakaombebea nyimbo zake.