Kutu Kwenye Gauni la Bi Harusi

Wengi mmetuuliza namna ya kutunza gauni la harusi kwa hali ya hewa ya hapa kwetu Unguja. Leo tunakupeni kisa kizima, na aibu yake ndani.

Ilikuwa masika. Sisi wawili tunaoshona pamoja hapa Mji Mkongwe tulimaliza gauni la satini, rangi ya maziwa, siku 10 kabla ya harusi. Tulilipiga pasi ya mvuke, tukaacha pini begani palipobaki kutiwa shanga, tukalitia kwenye mfuko wa nailoni likiwa bado la moto. Tukafunga zipu, tukashukuru.

Siku 4 kabla ya harusi tulifungua. Begani palikuwa na madoa 11 ya kutu.

Jirani yetu, fundi wa kuchomelea mageti, ndiye aliyetufahamisha. Nguo ya moto hutoa mvuke. Mvuke ukigusa nailoni iliyopoa hugeuka matone, kama kifuniko cha sufuria ya wali. Chuma kikipata maji na hewa hushika kutu, na chumvi huharakisha. Upepo wetu wa bahari una chumvi, na jasho la vidole vyetu pia. Pini nyingi za bei rahisi ni chuma kilichopakwa nikeli juu tu. Ngozi hiyo ikichubuka, chuma kiko wazi.

Akatwambia tukatazame Beit el Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, na nguzo zake za chuma zinazoitazama bahari. Sehemu ya jumba hilo ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Hatusemi kutu ndiyo iliyoiangusha. Tunasema tu kwamba kwenye mji wa mawe na chokaa, ukuta hunywa maji, na chuma kilicho ndani kikishika kutu huvimba na kupasua kilichokizunguka. Ukija kuona ufa nje, kazi ya ndani ilianza zamani.

Maneno hayo yalituchoma, kwa sababu usiku ule tulikuwa tunapanga kuficha. Shanga zingeyafunika madoa yote. Nani angejua? Lakini gauni la watu ni amana. Na kutu iliyofunikwa haiishi. Jasho la siku ya harusi lingeweza kuisambaza.

Asubuhi tulikwenda kwa mama wa bi harusi. Alinyamaza muda mrefu, mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Wanangu, mngenificha nisingekusameheni. Sasa semeni mtafanya nini." Tulikata bega zima, tukanunua satini nyengine kwa pesa zetu, tukakesha usiku 2. Faida yote ilikwenda. Bi harusi alivaa, alipendeza, na mdogo wake naye tumemshonea sisi.

Basi, wapenzi, tumejifunza haya:

Nguo iliyopigwa pasi iacheni ipoe na ikauke kabisa kabla ya kuihifadhi. Ivisheni kitambaa cha pamba kilichofuliwa, si nailoni. Pamba hupitisha hewa, unyevu ukatoka.

Msiache pini kwenye nguo hata usiku mmoja. Tumieni za shaba au za stenlesi. Kulabu na zipu zikagueni kabla ya kuzinunua.

Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu msivitupe. Viwekeni kabatini, mbali na watoto.

Doa la kutu msilitie dawa ya kupausha yenye klorini. Hulifanya kuwa baya zaidi. Ndimu husaidia kwenye pamba nyeupe, kisha suuzeni sana. Kwenye satini jaribuni kwanza kwenye kipande cha mabaki. Sisi tulijaribu, na rangi ikabadilika.

Cherehani ifuteni vumbi na muitie mafuta, hata kama haishonwi.

Chuma kina sura yake katika Qur'ani, Al-Hadid, sura ya 57, inayotaja nguvu zake na manufaa yake kwa watu. Tunaishi kwa sindano, na tulikuwa hatujawahi kufikiri kwamba nacho kinahitaji kuangaliwa. Na nyoyo zetu pia. Mwenyezi Mungu atujaalie tuseme kweli doa likiwa bado dogo. Amin.