Niliposema Diski Imeungua

Wenzangu wa Ualimu mnajua mwalimu wa TP anavyopokelewa. Wiki ya kwanza unabebeshwa vipindi. Wiki ya pili, wakishakuona na laptopu, unakuwa fundi kompyuta wa shule nzima. Ukikataa unaonekana unaringa, ukikubali yatakukuta yaliyonikuta mimi.

Nilipangiwa kata ya Getanuwas, wilaya ya Hanang, mkoa wa Manyara. Nilishuka Katesh, chini ya Mlima Hanang, bodaboda ikanifikisha nikiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Ilikuwa Julai, baridi kali, nami nilikuwa nimebeba mashati ya mikono mifupi kama mtu anayekwenda Tanga. Darasani nilikuta watoto wa Kiiraqw na wa Kidatoga, wapole, ambao waliniita "Mwalimu" kwa heshima iliyonifanya nijione mkubwa kuliko nilivyo.

Ofisi ya taaluma ilikuwa na kompyuta moja ya mezani, kuukuu, iliyofika shuleni ikiwa tayari imetumika kwingine. Humo ndimo mwalimu wa taaluma, mama mmoja ambaye sote tulimwita Madam, alikuwa ameweka alama za maendeleo za kidato cha nne tangu wakiwa kidato cha tatu. Likizo ya Juni ilichomolewa kwenye umeme. Shule ilipofunguliwa Madam akaiwasha: ikapiga mlio, ikaleta maandishi meupe, tarehe ikasoma mwaka 2009. Alipobonyeza iendelee, nembo ya Windows ikatokea kidogo, kisha skrini ikawa ya bluu na mashine ikajizima. Akaiwasha tena, ikawa yale yale.

Nikaitwa. Nikasimama mbele ya walimu sita, nikabonyeza vitufe viwili vitatu, nikatikisa kichwa kama daktari. "Madam, pole. Diski imeungua."

Sikuwa najua. Chuoni tumesoma kozi ya TEHAMA muhula mmoja: kuandika barua, kutengeneza slaidi, basi. Hakuna siku tuliyofungua kava la kompyuta. Lakini kusema "sijui" mbele ya watu wanaokuita msomi ni kazi, jamani. Nikachagua neno linalotisha ili nisiulizwe swali la pili.

Jioni ile Madam alianza kukusanya madaftari na karatasi za mitihani za zamani ili aandike alama upya kwa mkono. Karatasi nyingine hazikuwepo. Wazo lingine lilikuwa kuipeleka mashine kwa fundi "apige Windows upya", maana yake kufuta kila kitu. Usiku wa pili nilipita ofisini nikamkuta bado ameinama na rula yake, miwani imeshuka puani, koti limefungwa mpaka shingoni. Nilisema usiku mwema nikaenda kulala. Sikulala.

Kesho yake nikapanda kijilima palipo na mtandao, nikampigia rafiki yangu niliyekaa naye chumba kimoja, anayesoma kompyuta. Nilikuwa nimepiga picha ile skrini ya bluu, nikamsomea namba: 0x0000007B. Akacheka. "Mwanangu, hiyo namba inasema Windows haiifikii diski. Haisemi diski imekufa. Na tarehe imerudi nyuma? Mashine imesahau mipangilio yake. Usiguse kitu kingine."

Akanieleza, nami nawaeleza. Kompyuta ina programu ndogo inayoamka kabla ya Windows, inaitwa bayosi. Yenyewe imeandikwa kwenye chipu isiyohitaji umeme ili ikumbuke. Lakini mipangilio yake, yaani tarehe, diski ipi ianze na isomwe kwa namna gani, kwenye mashine nyingi za mezani hukaa kwenye kumbukumbu ndogo inayolindwa na betri ya kidonge. Utaratibu huo ulikuja na kompyuta ya IBM PC AT mwaka 1984. Kila ikiwashwa, bayosi hujumlisha mipangilio na kulinganisha na jumla iliyohifadhiwa. Zikipishana, huitupa na kuchukua ya kiwandani.

Ndicho kilichotokea. Betri ilikuwa imekufa zamani, ila mashine haikuwahi kuchomolewa muda mrefu, kwa hiyo umeme wa ukutani ulikuwa unaibeba. Likizo ikaifichua. Mipangilio ya kiwandani ilitaka diski isomwe kwa namna ya AHCI, wakati fundi wa zamani aliweka Windows kwa namna ya IDE. Alama zote zilikuwa salama, mlango tu ndio ulibadilishwa kitasa.

Tulikuwa na bahati. Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi kiitwacho CIH, kilichotungwa na mwanafunzi wa Taiwan, kiliifuta bayosi yenyewe kwenye kompyuta nyingi duniani. Hapo hata kuwaka haziwaki.

Lakini kabla ya betri kulikuwa na jambo jingine. Nilirudi ofisini jioni.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba, mwanangu."

"Madam, ile siku niliposema diski imeungua, nilibahatisha. Sikuwa najua."

Aliweka rula chini. Akakaa kimya mpaka nikatamani anigombeze. "Siku tatu naandika hapa, Mwalimu," akasema. "Ungesema tu hujui. Hapa nani anajua?" Kisha akasogeza madaftari pembeni. "Haya. Sasa unajua nini?"

Jumamosi nikaenda Katesh. Betri inaitwa CR2032, upana wa milimita 20, volti 3. Niliipata kwa muuza saa. Tukachomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia mara kadhaa ili umeme uliobaki uishe, nikagusa chuma cha kava, nikatoa betri ya zamani na kuweka mpya, alama ya kujumlisha ikitazama juu. Tukawasha, nikabonyeza F2 (mashine nyingine ni Delete), nikaweka tarehe, nikatafuta mstari wa diski, nikabadili AHCI kuwa IDE, nikahifadhi.

Windows ilipofunguka Madam hakupiga kelele. Alifungua faili, akashuka na majina mmoja mmoja, kama anaita rejista. Alipofika mwisho akanipa flashi yake: "Nakili. Mara mbili."

Wiki hiyo hiyo, darasani, mtoto mmoja wa kidato cha pili akaniuliza swali nisilolijua. Neno la kutisha lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza. Nikasema, "Sijui. Nitakuletea kesho." Darasa halikucheka. Aliyeuliza aliandika tu kwenye daftari lake: kesho.

Mnaokwenda TP mwaka huu, bebeni sweta, flashi na betri moja ya CR2032. Na mkiulizwa msichokijua, msiwe madaktari. Kuna mtu atakesha na rula kwa sababu ya neno lenu.