Kukwama Si Kusuasua

Mjukuu wangu aliponijia mara ya kwanza na malalamiko yake, nilimsahihisha lugha.

"Babu, kompyuta inalegi," alisema.

Nikamjibu, bila kuinua macho kitabuni, kwamba Kiswahili hakina kitenzi "kulegi". Kitu kikipoteza ukakamavu wake husemwa kimelegea. Alinyamaza kwa adabu, akarudi mezani. Nilijiona nimefundisha. Wiki tatu baadaye nilitambua kwamba siku ile mwanafunzi nilikuwa mimi, na somo nililikataa.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, niliyoinunua ikiwa imekwisha tumika, miaka michache kabla ya kustaafu. Wakati wa likizo ya Juni, mchana huwa ya mjukuu, naye hucheza mchezo wa kandanda. Usiku huwa yangu. Humo ndimo nilimohifadhi mashairi ya mzee mmoja jirani yetu, mvuvi, aliyekuwa akinighania jioni barazani kwake, nami nikiandika. Yeye mwenyewe hakuyaandika kamwe. Alipofariki, daftari langu la kwanza lilikuwa limekwisha liwa na mchwa. Nakala ya beti zake 214 ilibaki moja tu, ndani ya kisanduku kile.

Kijana alirudi mara ya pili, na ya tatu. Mara ya tatu nilimwambia kuwa michezo ndiyo inayoiua kompyuta, na kwamba angeshika kitabu asingepata taabu hiyo. Kisha usiku mmoja nilifungua faili la mashairi yale, nikangoja. Nilingoja karibu dakika nzima. Asubuhi nilimwita.

"Nieleze upya," nilimwambia. "Neno lile liache mlangoni. Inafanya nini hasa?"

Akasema inakwama. Mara akasema inachelewa. Mara inagandaganda. Hapo ndipo ualimu wangu, ulioniponza mwanzoni, ulipofaa kidogo. Nilichukua kalamu na karatasi, nikamwambia kwamba vitenzi vile si ndugu wa tumbo moja, na kila kimoja kina mgonjwa wake.

Kuchelewa ni pale unapobonyeza kitufe, picha inaendelea kutiririka vizuri, lakini mchezaji anapiga mpira baada ya muda. Ukiwa unacheza na mtu wa mbali, mara nyingi huo ni ugonjwa wa njia: intaneti inapeleka ujumbe na kuurudisha polepole. Kusuasua ni pale picha zenyewe zinapopungua, mchezo ukaenda kwa kuchechemea mwanzo hadi mwisho. Huo waweza kuwa ugonjwa wa kadi ya picha iliyozidiwa, au wa joto, kwa kuwa kichakato kikipata moto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili kisiungue. Kukwama ni jambo jingine. Kila kitu kinakwenda sawasawa, kisha kinasimama kabisa kwa sekunde kadhaa, kisha kinaruka mbele kama hakikuwahi kusimama.

"Basi ni kukwama, Babu," alisema. "Na hukwama goli likifungwa."

Sentensi hiyo ilikuwa na thamani kuliko yote niliyomfundisha likizo ile. Kwa nini goli? Hatukukimbilia jibu, tulianza kwa kuondoa yasiyokuwamo. Tulizima intaneti, akacheza na kompyuta yenyewe. Goli likaingia, mchezo ukakwama. Njia haikuwa na kosa. Tukafungua kisanduku, tukakuta feni imevaa vumbi zito kama sufu. Tukalitoa kwa brashi ndogo ya rangi. Mashine ikapoa, feni ikapunguza kelele, lakini goli lilipoingia, mchezo ukakwama tena.

Ule utulivu wa feni ndio uliotufumbua masikio. Kila mchezo uliposimama, kutoka ndani ya kisanduku ilisikika sauti kavu: ta, ta, ta. Kisha kimya. Kisha mchezo ukaendelea.

Kijana alifungua dirisha linaloonyesha kazi za mashine. Wakati wa kukwama, diski ilionekana kushughulika kwa asilimia 100, ilhali hapakuwa na data yoyote ya maana iliyopita. Ni kama mtu anayesukuma mlango kwa nguvu zake zote nao haufunguki. Hapo tukaelewa habari ya goli. Wakati wa kawaida, kinachohitajika kimekwisha pakiwa kwenye kumbukumbu ya muda. Goli likifungwa, mchezo huagiza vitu vipya kutoka kwenye diski: shangwe ya mashabiki, wachezaji wanaokumbatiana, marudio ya shuti. Diski ndiyo iliyoshindwa kuleta.

Diski ya aina hii ina sahani zinazozunguka, yetu mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa nafasi nyembamba mno kuliko unywele. Ikiwa nzima, huitika kwa milisekunde kumi au ishirini hivi. Sehemu ya sahani ikiharibika, kichwa hurudia kusoma palepale, tena na tena, na kompyuta yote hungoja. Mchezo laini huonyesha picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha ina milisekunde 16 na ushei. Nilicheka nilipopiga hesabu hiyo, kwa sababu mshororo niliozoea kuufundisha una mizani 16. Wenzangu mnajua sikio linavyoshtuka mizani moja ikipungua. Kijana alikuwa na sikio hilo kwa macho. Alikuwa akiniambia kuwa mshororo umevunjika, nami nikamkosoa matamshi.

Programu inayosoma taarifa ambazo diski huziweka kuhusu afya yake ilituonyesha sehemu nyingi zilizoshindwa kusomeka, na kesho yake idadi ikawa imeongezeka. Fundi tuliyempelekea alisema maneno mawili: "Zima sasa." Diski inayokufa, alieleza, haipewi kazi ya ziada. Haisafishwi, haipangwi upya, wala haiwekewi programu mpya. Hunakiliwa, na kinachoanza ni kile kisichoweza kupatikana tena mahali pengine. Mchezo waweza kununuliwa upya. Tukaanza na mzee.

Kazi ilichukua siku mbili. Aliichomoa diski, akaiunganisha na mashine yake, akaiacha isome polepole, na mara kwa mara aliipumzisha. Kati ya beti 214, zilirudi 205. Faili moja lenye beti tisa lilifunguka likiwa tupu.

Faili hilo nilikuwa nimelifungua mwanzoni mwa Juni, siku chache kabla kijana hajanijia mara ya kwanza. Nilisahihisha herufi moja, nikalifunga. Lilikuwa zima. Kwa hiyo beti zile hazikupotea kwa uzee wa diski peke yake. Zilipotea ndani ya zile wiki tatu nilizokuwa nikilinda kitenzi. Nimejaribu kuzikumbuka. Nina mishororo ya hapa na pale, vina vya kati bila vya mwisho, na kituo kimoja kisicho na ubeti wake. Nusu ya shairi la mtu mwingine huwezi kuijaza mwenyewe kisha ukaliita lake.

Nilimwomba radhi mjukuu wangu. Alisema, "Hamna neno, Babu," nami sikumwambia kwamba neno lipo, tena tisa.

Sasa kompyuta ina diski mpya, isiyo na kitu kinachozunguka, na magoli yanafungwa bila kukwama. Beti za mzee ziko humo, ziko kwenye fleshi iliyo kwa binti yangu mji mwingine, na zimechapwa kwenye karatasi zilizomo katika kopo la bati ambalo mchwa hawaliwezi. Neno "kulegi" bado silipendi, na siku moja huenda tukalijadili hapa. Lakini mtu akinijia nalo, siku hizi kwanza humuuliza nini kimeharibika.

Nawaachia ubeti mmoja, ambao niliuandika kwanza kwa kalamu:

Chombo kikianza kwama, tuliza zako kelele,
Sikiza kinachosema, hujui lililo mbele,
Nakala weka mapema, moja hapa, moja kule,
Likipotea si jema, neno la wazee wale.