Kijana, Ngoja Kwanza

Kama nyumbani kwako mna kijana anayependa michezo ya video, huenda kisa changu na mpwa wangu kikakufaa.

Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka 2024. Kijana huyo, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 15, alikuja kukaa nami Nairobi. Jumanne tarehe 20, saa tatu usiku, alinisihi nimwachie kompyuta yangu ya kazi atazame maonyesho yaliyokuwa yakipeperushwa moja kwa moja kutoka Cologne, Ujerumani. Yanaitwa Gamescom. Kila mwaka kampuni za michezo ya video hukusanyika huko kuonyesha bidhaa ambazo bado hazijafika madukani. Mwaka huo wageni wapatao 335,000 walihudhuria.

Niliketi naye shingo upande. Nia yangu ilikuwa kutazama dakika kumi kisha nikalale. Nakwambia kweli, saa tano ilipokaribia nilikuwa bado nimekodoa macho!

Vilipita vifilamu chungu nzima. Ilitangazwa Borderlands 4, ikatangazwa pia Mafia: The Old Country, mchezo wa kisa cha majambazi wa kisiwa cha Sicily. Muziki ulinguruma na giza likatanda, lakini hatukumwona mtu akicheza. Kisha ukaja Civilization VII, ambao mchezaji huongoza taifa tangu enzi za kale. Huo angalau tulionyeshwa unavyochezwa.

Uliomteka mpwa wangu ni Indiana Jones and the Great Circle, uliotengenezwa na MachineGames ya Uswidi. Kisa chake ni cha mwaka 1937, na mchezaji huona mambo kwa macho ya Indiana mwenyewe, mjeledi mkononi, kutoka Vatican hadi kwenye piramidi za Giza. Ilitangazwa kwamba ungetoka Desemba 9 kwa wenye kompyuta na mashine za Xbox. Wenye PlayStation 5 wangengoja hadi mwaka 2025, na siku yenyewe haikutajwa.

Mpwa wangu ana PlayStation 5. Babake alimletea kutoka Dubai anakofanya kazi.

Asubuhi alinijia na mkebe wa majani chai. Ndani mlikuwa na shilingi 4,000 alizopewa na nyanyake, yaani mama yangu mzazi. Bei ya mchezo ilikuwa dola 70, takriban shilingi 9,000. "Mjomba," akasema, "niongezee 5,000. Kuna duka mjini linapokea pesa mapema. Tukilipa sasa, ukifika tu tunapewa."

Je, wewe ungefanya nini? Mimi nilikumbuka mashine ya kukatia mboga.

Nilikuwa darasa la sita mama aliponipeleka kwenye maonyesho ya kilimo. Tulimkuta bwana mmoja juu ya meza, kipaza sauti kinywani, akikata karoti kwa mashine ya plastiki. Karoti zilidondoka kama sarafu. Vitunguu vilikatika bila kumtoa chozi. Watu walipiga makofi, na mama akafungua pochi. Tulipofika nyumbani akaingiza sukuma wiki. Mashine ikaitafuna, ikaitema kama iliyocheuliwa na ng'ombe. Mama akaitazama kwa muda, akasema, "Kumbe zile karoti alikuja nazo yeye."

Msomaji, siri ya maonyesho ni hiyo. Mwenye kuonyesha huja na karoti zake. Mtengenezaji wa mchezo wa video huchukua kipande kimoja, pengine cha dakika ishirini tu, akakipiga msasa kwa miezi huku sehemu nyingine za mchezo hazijaungana. Anayecheza jukwaani amekirudia kipande hicho mara nyingi mno, anajua pa kukanyaga na pa kuepuka. Na mara nyingine tunachoonyeshwa si mchezo kabisa, bali ni filamu.

Hayo hayakuanza jana. Kwa miaka mingi maonyesho makubwa ya biashara hii yalikuwa E3, yaliyoanzia Los Angeles, Marekani, Mei 1995 na kutangazwa kuwa yamefungwa kabisa Desemba 2023. Hapo mwanzo yalikuwa ya wenye maduka na waandishi wa habari. Mwenye duka alikwenda kuamua aagize nini kwa ajili ya Krismasi. Huyo alikuwa mfanyabiashara, alijua kwamba anacheza bahati nasibu. Siku hizi vifilamu hivyo huja moja kwa moja sebuleni, na anayebahatisha ni mtoto mwenye mkebe wa majani chai.

Mwaka 2005, E3 ilionyesha kifilamu cha Killzone kilichowaacha watu vinywa wazi. Baadaye ikabainika kilichorwa kwa kompyuta mahsusi kwa maonyesho, hakikuwa mchezo wenyewe. Cyberpunk 2077 ulishangiliwa huko mwaka 2018 na 2019. Ulipotoka Desemba 2020 ulikuwa na kasoro nyingi kiasi kwamba Sony iliuondoa katika duka lake la mtandaoni na kuwarudishia wanunuzi pesa zao. Ulirudi Juni 2021. No Man's Sky ulioonyeshwa E3 mwaka 2014 ulipokewa kwa manung'uniko ulipouzwa mwaka 2016, ingawa waliouunda waliendelea kuurekebisha bila malipo hadi ukapendwa.

Nilimweleza mpwa wangu hayo yote. Alinisikiliza akiwa amekumbatia mkebe wake. Mwishowe akasema, "Mjomba, wewe huamini kitu chochote." Akaingia chumbani. Siku mbili hatukuzungumza ila salamu.

Maneno yale yaliniuma. Mimi si adui wa raha ya mtoto. Usiku ule nilikuwa nimefurahi kama yeye, na ningekuwa na umri wake ningelia kwa kunyimwa. Lakini kumpa mtu arbuni kwa kitu ambacho hata siku ya kufika haijulikani, nilishindwa. Nilimwahidi jambo moja: mchezo ukitoka, wengine wakiucheza na kuusifu, nitamwongezea zile 5,000 bila kuulizwa tena.

Desemba ikafika. Wenye kompyuta na Xbox wakaucheza Indiana Jones, na wengi wakausifu. Februari 2025 Civilization VII nao ukatoka. Waliolipia matoleo ya bei ya juu walifunguliwa siku tano mapema, na ndio waliotangulia kulalamika kwamba maelezo ya kwenye skrini yamewavuruga. Watengenezaji wenyewe walikiri kwamba sehemu hiyo ilihitaji kurekebishwa. Michezo miwili ya usiku mmoja, mapokezi mbalimbali. Ni nani angeweza kutofautisha kwa kutazama vifilamu tu?

Indiana Jones ulifika kwa wenye PlayStation 5 tarehe 17 Aprili 2025, shule zikiwa zimefungwa. Nilitimiza ahadi. Kijana aliingia dukani na pesa zake, akatoka na mchezo mkononi. Njiani hakuweza kujizuia. "Mjomba, si nilikwambia utakuwa mzuri?"

"Uliniambia," nikamjibu. "Lakini hukuwa unajua."

Alinyamaza hatua kadhaa, kisha akacheka. Nami nikacheka, kwa sababu hata mimi sikuwa najua.

Basi mzazi mwenzangu, usimkataze kijana kutazama maonyesho hayo. Keti naye, mshangilie pamoja. Muulize tu: hapa tunaona mtu akicheza, au tunaona filamu? Karoti ni za nani? Kisha pesa zikae mkebeni hadi wengine waonje kwanza. Mchezo ukiwa mzuri leo, mwezi ujao utakuwa mzuri bado.

Jioni ile mama alipiga simu kutoka nyumbani akaulizia pesa zake. Nikampa mjukuu wake simu.

"Umenunua hicho kitu chako?"

"Ndiyo, Nyanya."

"Kinafanya kazi?"

"Kinafanya, Nyanya."

Kimya kidogo. Kisha nikamsikia mama akiuliza, "Na karoti ulikuwa nazo wewe?"