Kiolezo cha Karani

Aghalabu binadamu hachoshwi na uzito wa kazi, bali na kuirudia. Ndivyo ilivyomkuta karani mmoja kijana katika ofisi ya uwakala wa forodha huko Port Reitz, mahali ambapo malori ya makontena hupita usiku na mchana. Kila siku aliandika yale yale: jina la mwagizaji, anwani, namba ya mlipa kodi yenye herufi 2 na tarakimu 9, kisha namba ya kontena. Hati ishirini zilimaliza siku nzima.

Hatimaye akagundua kwamba programu ya ofisi iliweza kuhifadhi kiolezo cha kila mteja. Akajaza hati mara moja, akaihifadhi, akaipa jina. Tangu hapo, alipobofya jina hilo, hati nzima ilijitokeza. Kazi ya kutwa ikawa ya saa moja, naye akasifiwa.

Lakini mazoea yana taabu. Alipohifadhi kiolezo kimoja, hakuifuta namba ya kontena. Siku moja akaichapisha hati bila kuisoma. Dereva akafika nayo langoni, akarudishwa: kontena lililotajwa lilikuwa limekwisha kuchukuliwa juma lililotangulia. Lililotakiwa likabaki ndani, gharama za uhifadhi zikipanda kila kukicha. Sehemu ya gharama hizo ilikatwa katika mshahara uliomlipia mdogo wake karo.

“Mzee, mbona programu haikunionya?” alimwuliza mwajiri wake.

“Mwanangu, ingekuonyaje na namba yenyewe ni sahihi?”

Ilikuwa kweli. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile zilizoitangulia, ili kosa la uchapaji lifichuke. Namba ile ya zamani haikuwa na dosari yoyote, ila haikuwa ya mzigo ule.

Jioni hiyo karani alivifungua violezo vyote. Jina, anwani na namba ya mlipa kodi akaviacha. Namba ya kontena, uzito na tarehe akavifuta, pawe patupu pa kumlazimisha kufikiri. Alikwisha kutambua kwamba kosa la mkono hutendeka mara moja likapita, ilhali kosa lililohifadhiwa hurejea kila kiolezo kifunguliwapo.